Kabla ya Jiwe la Msingi, Karatasi na Kalamu

Nyuma ya makanisa yetu mengi kuna gofu jipya. Msingi wa ukumbi umeota magugu, nondo zimeshika kutu, na bango lenye picha ya jengo zuri limefifia kwa jua. Ukiuliza kulikoni, utajibiwa kwamba fedha ziliisha. Jibu hilo linaruka hatua moja. Fedha zilianza kutumika kabla mtu yeyote hajaketi na karatasi na kalamu kuuliza kama mradi ule ulistahili kuanza.

Nawalenga zaidi mafrateri, kwa sababu frateri wa leo ndiye atakayesaini hundi kesho. Kanuni ya 1284 inamtaka msimamizi wa mali za Kanisa awe na uangalifu wa baba mwema wa familia, alipe riba ya mkopo kwa wakati wake, ahakikishe deni lenyewe linarudishwa, atunze vitabu vya mapato na matumizi, na atoe taarifa kila mwisho wa mwaka. Kanuni ya 537 inaagiza kila parokia iwe na baraza la fedha. Tunazisoma kanuni hizi na kuzifanyia mtihani. Hesabu ambayo kanuni hizo zinaidai, hatuifundishwi. Halafu tunashangaa paroko kijana anapokabidhiwa ramani ya ukumbi na fundi mwenye maneno matamu, naye hana swali la kumuuliza.

Tuchukue mfano wa kubuni, ila wenye sura ambayo kila mmoja wetu ataitambua. Halmashauri ya walei inapendekeza ukumbi wa harusi na mikutano kwa shilingi milioni 120. Mwenyekiti anasimama na kusema: tutapata shughuli 60 kwa mwaka, kila moja kwa laki tano, hiyo ni milioni 30, kwa hiyo miaka minne tu fedha zetu zimerudi. Watu wanapiga makofi. Bahasha za ahadi zinaanza kugawiwa kwenye jumuiya Jumapili inayofuata.

Sasa tuketi. Mwaka una Jumamosi 52. Katika Kwaresima na Majilio sisi wenyewe hatufungi ndoa kwa kawaida, kwa hiyo toa kama kumi. Zimebaki 42, na mtaa wa pili kuna ukumbi mwingine wenye maegesho makubwa kuliko yetu. Tuseme shughuli 40, nazo ni nyingi. Hiyo ni milioni 20. Toa mlinzi, umeme, maji, usafi, viti vinavyovunjika, rangi na bati: milioni 8. Kinachobaki mkononi ni milioni 12 kwa mwaka, na kitaanza kuonekana baada ya miaka miwili ya ujenzi.

Hapo mjumbe mmoja atasema bado ni sawa: milioni 12 kwa miaka 15 ni milioni 180, tumetoa 120, faida ni 60. Hesabu hiyo ingekuwa sahihi kama shilingi ya mwaka wa kumi na tano ingekuwa sawa na shilingi ya leo. Kila mama anayecheza upatu anajua kwamba si sawa, ndiyo maana watu wanagombea kupokea wa kwanza. Milioni moja uliyo nayo leo, ukiiweka mahali panapolipa asilimia 12 kwa mwaka, mwakani itakuwa milioni moja na laki moja na ishirini. Ukigeuza hesabu hiyo nyuma, shilingi 1,120,000 utakazopewa mwakani zina thamani ya milioni moja leo. Na milioni moja utakayopewa baada ya miaka kumi ina thamani ya kama shilingi 322,000 tu leo. Hii ndiyo thamani ya sasa. Anayeweza kugawanya kwa 1.12 mara kadhaa ameshajifunza nusu ya somo.

Tuupime ukumbi wetu kwa kipimo hicho. Milioni 12 kila mwaka kwa miaka 15, za kwanza zikiingia mwishoni mwa mwaka wa tatu, zina thamani ya sasa ya takriban milioni 65. Gharama za ujenzi, tukilipa nusu leo na nusu mwakani, zina thamani ya sasa ya takriban milioni 114. Tunatoa 114 kupokea 65. Parokia itakuwa maskini zaidi kwa karibu milioni 49, na hilo litatokea hata kama mafundi ni waaminifu, saruji haipandi bei na hakuna aliyeiba hata misumari. Ninalisisitiza hili kwa sababu mradi ukikwama huwa tunatafuta mwizi. Mara nyingi hakuna mwizi.

Asilimia 12 nimeitoa wapi? Ni kiasi nilichokichagua kwa mfano, lakini wazo lenyewe si la kubahatisha. Kipimo kinachofaa ni kile ambacho fedha hizo zingezaa mahali pengine penye hatari inayofanana. Aliye na fedha anaweza kununua hati fungani za serikali na kulala usingizi. Ukumbi wa harusi una hatari kubwa kuliko hati fungani, kwa hiyo unapaswa kudaiwa zaidi.

Najua kuna watakaosikia harufu ya ulafi wa riba katika maneno haya. Ni pingamizi la heshima na lina historia ndani ya Kanisa. Lakini wanateolojia wa shule za zamani waliopinga riba kwa nguvu ndio hao hao waliojadili kwa kina hasara ya mtu anayekosa faida halali kwa kuwa fedha zake zimefungwa kwingine. Mtaguso wa Tano wa Laterano, mwaka 1515, ulizikubali nyumba za mikopo kwa maskini zilizokuwa zikiendeshwa Italia, ambazo zilitoza kiasi kidogo ili kulipia gharama zake. Na kitabu kilichoeneza kwa chapa hesabu za kuingiza kila muamala pande mbili, kilichotoka Venice mwaka 1494, kiliandikwa na Mfransisko, Luca Pacioli. Hesabu hizi si ngeni nyumbani mwetu. Kuuliza fedha za waamini zingefanya kazi gani nyingine ni swali la haki, maana nyuma ya milioni 120 kuna bibi aliyetoa mayai yake yanadiwe kwenye mavuno.

Tukiacha ukumbi, baraza la fedha lingeweza kuangalia kitu kidogo. Viti 300 kwa shilingi elfu 20 na maturubai manne kwa milioni moja kila moja ni milioni 10. Vikikodishwa kwenye misiba, ubatizo na vikao, na vikabakiza milioni tatu na nusu kwa mwaka kwa miaka mitano kabla ya kuchakaa, thamani ya sasa ni kama milioni 12.6. Faida yake halisi ni ndogo, lakini ipo. Hakuna askofu atakayealikwa kubariki viti vya plastiki, na nadhani hiyo ndiyo sababu kubwa ya kutovinunua. Tunapenda mradi wenye jiwe la msingi na jina limechongwa.

Niseme sasa juu ya gofu lenyewe, kwa sababu hapo ndipo tunapoumizana. Sentensi inayosikika katika kila kikao ni hii: tumeshatumia milioni 40, hatuwezi kuacha. Nawaomba wasomaji waitazame vizuri. Milioni 40 zimekwenda. Hazitarudi tukimaliza, wala hazitarudi tukiacha. Zinastahili kuelezwa kwa waamini, maana kanuni ya 1287 inataka watolewe taarifa ya mali walizotoa, lakini hazistahili kupiga kura. Kinachopiga kura ni kilichobaki kutumika na kile kitakachoingia. Kama zimebaki milioni 80 kulipwa leo, na ukumbi unaokamilika baada ya mwaka mmoja una thamani ya sasa ya milioni 73, kuendelea ni kuongeza hasara ya pili juu ya ile ya kwanza. Lakini kama zimebaki milioni 30 tu, basi malizeni, hata kama mradi wote tangu mwanzo ulikuwa kosa. Hapo yule aliyeupinga mradi mwaka wa kwanza anapaswa kuunga mkono umaliziaji, na yule aliyeuanzisha asidhani kwamba ameshinda. Nimeona vikao vikivunjika kwa sababu pande zote mbili zilikuwa zikitetea heshima yao juu ya milioni 40 ambazo hazipo tena.

Swali la fedha zitoke wapi huja baada ya swali la mradi, ingawa sisi huanza nalo. Mwaka 1958 Franco Modigliani na Merton Miller walionyesha kwamba, tukiweka kando kodi, gharama za kufilisika na mambo ya namna hiyo, thamani ya kampuni haitegemei imechanganyaje mkopo na mtaji wa wenyewe. Chapati ukiikata vipande vinne au vinane haiongezeki. Mradi mbaya haugeuki kuwa mzuri kwa sababu mfadhili ametoa robo au benki imekubali kukopesha.

Ila katika maisha halisi mkopo una makali yake. Tuseme parokia inakopa milioni 80 za ukumbi ule kwa riba ya asilimia 16. Riba peke yake kwa mwaka wa kwanza ni milioni 12.8. Ukumbi unabakiza milioni 12. Hautoshi kulipa hata riba, achilia mbali deni lenyewe, na katika miaka miwili ya ujenzi hauingizi kitu. Nani atalipa? Zaka italipa. Na zaka ikilipa benki, katekista wa kigango cha mbali atasubiri posho yake. Kwa sababu hii naona kanuni ya 1281, inayodai kibali cha maandishi cha Askofu kwa matendo yanayovuka usimamizi wa kawaida, ni kinga ya paroko mwenyewe. Anayeilalamikia kuwa ni urasimu hajawahi kupokea barua ya benki.

Sadaka nayo tunaiita fedha ya bure. Haina riba, ni kweli, lakini si ya bure. Ikienda kwenye ukumbi haiendi kwenye karo za yatima, na kanuni ya 1267 inasema kilichotolewa kwa kusudi fulani kitumike kwa kusudi hilo tu. Fedha za paa la kanisa haziwezi kuazimwa kimyakimya kwa ajili ya ukumbi, hata kama nia ni kuzirudisha.

Je, basi tufanye miradi yenye faida tu? Hapana, na hapa naachana na baadhi ya wataalamu wanaotushauri. Zahanati ya kigangoni inaweza kupata hasara kila mwaka na bado ikawa kitu bora kuliko vyote parokia ilichowahi kujenga. Thamani ya mama kujifungua salama haimo kwenye jedwali langu. Lakini hesabu bado inahitajika, kwa sababu inatuambia hasara ni kiasi gani na ya miaka mingapi. Zahanati inayopoteza milioni 6 kwa mwaka inahitaji mfuko wa sadaka wa milioni 6 kwa mwaka, uliotajwa wazi kwenye bajeti na kukubaliwa na walei. Isijengwe kwa mkopo, kwa sababu hakuna faida itakayoulipa. Kosa kubwa ninaloliona ni kujenga kazi ya huruma kwa fedha za biashara huku tukiwaambia waamini kuwa italeta faida, kisha baada ya miaka mitatu dawa zinapanda bei kwa wagonjwa wale wale tuliotaka kuwasaidia.

Kuna wanaosema tuanze kwa imani, Mungu atafungua milango. Siwezi kubishana na imani. Nawakumbusha tu kwamba katika Injili ya Luka, sura ya 14, aliyechekwa na watu ni mjenzi wa mnara ambaye hakuketi kwanza kukadiria gharama. Wala tusidhani kwamba ukubwa wa taasisi ni kinga. Sekretarieti ya Nchi ya Vatikani yenyewe ilijiingiza katika jengo la Sloane Avenue jijini London, likaja kuuzwa mwaka 2022 kwa pauni milioni 186, kwa hasara kubwa na aibu iliyofika mahakamani.

Ombi langu kwa walezi wa seminari ni dogo: saa mbili kwa wiki, muhula mmoja, katika miaka ya teolojia, pamoja na mhasibu mlei kutoka parokia ya jirani na vitabu halisi vya mradi mmoja uliofaulu na mmoja uliokwama. Kwa walei nina ombi la mara moja. Kikao kijacho mradi ukitajwa, kabla ya bahasha kugawiwa, mmoja wenu anyooshe mkono na kuomba karatasi yenye mistari minne: itagharimu kiasi gani na lini, itabakiza kiasi gani kwa mwaka baada ya gharama zote, fedha hizo zingezaa nini kwingine, na tutajuaje kwamba wakati wa kuacha umefika. Kama karatasi haipo, ombeni kikao kiahirishwe kwa wiki mbili.

Atakayenyoosha mkono huenda akaitwa mpinga maendeleo. Baba Paroko, tafadhali, usimruhusu mtu kumwita hivyo.