Katika Mashua, Nahodha Ndiye Kamanda

Likizo inapowadia, jamaa nyingi za askari wa jeshi na wa polisi wakaao Mbale, chini ya majabali ya Wanale, huelekeza nyuso zao Jinja. Safari ni ya kiasi cha kilomita 150 kwa barabara ya Tirinyi na Iganga. Alfajiri mama hufunga kikapu chenye malewa yaliyoungwa kwa karanga, baba huhesabu nauli, na kabla ya adhuhuri watoto huwa wamesimama ukingoni mwa Ghuba ya Napoleon, mahali ambapo Ziwa Victoria linageuka kuwa Mto Naili. Hapo mashua za kuwatembeza wageni hungoja, na ni nadra kumwona mtoto aliyetoka mlimani asiyetamani kupanda.

Tamaa hiyo ni njema. Mtu afanyaye kazi ya zamu na lindo anahitaji mapumziko, na watoto ambao huhama kila baba apewapo kituo kipya wanahitaji siku moja ya kumwona baba asiye na haraka. Lakini matembezi ya majini yana adabu yake, na adabu hiyo huanza kwa kuyafahamu maji yenyewe.

Maji ya Jinja huonekana kama bwawa lililotulia. Haikuwa hivyo siku zote. Mwingereza John Hanning Speke alipofika hapo tarehe 28 Julai 1862, aliyakuta maji yakiporomoka juu ya majabali kwa kishindo, akayaita Maporomoko ya Ripon, ingawa wenyeji wa Busoga walikuwa wakiuita mto wao Kiyira tangu zamani. Maporomoko hayo hayaonekani tena. Bwawa la umeme la Owen Falls, lililojengwa kilomita chache upande wa chini wa mto, lilifunguliwa mwaka 1954, na maji yaliyopanda nyuma yake yakayafunika majabali.

Kishindo kilinyamaza, lakini mkondo haukukoma. Mwezi Aprili 2020 kisiwa cha matete kilichong'oka kilichukuliwa na maji hayo hayo mpaka kwenye bwawa, ambalo sasa huitwa Nalubaale, kikaziba mitambo, na umeme ukakatika nchini Uganda. Ikiwa kisiwa chenye mizizi na matope yake huchukuliwa hivyo, haifai kuuliza mashua iliyozimikiwa na injini itafikia wapi.

Upande wa kaskazini, basi, kuna mto na mabwawa yake. Upande wa kusini kuna mlango uliofunguka. Ghuba ya Napoleon ni ukumbi tu wa nyumba kubwa, kwa kuwa nje yake limetanda ziwa la kilomita za mraba zipatazo 68,800, ambalo Uganda, Tanzania na Kenya wanashirikiana. Mchana jua huipasha nchi kavu upesi kuliko maji, na upepo huvuma kutoka ziwani. Usiku mambo hugeuka: pepo za nchi kavu hukutana juu ya ziwa na kuzaa dhoruba za radi. Ndiyo sababu mtu aliyekwenda kujifurahisha tu hana haja ya kuwa majini jua linapotua. Wahenga walisema, maji usiyoyafika hujui wingi wake.

Wala mtu wa Mbale asidhani kwamba hayo ni mambo ya watu wa ziwani peke yao. Mto Manafwa, ushukao kutoka Mlima Elgon, huingia katika Mpologoma, na Mpologoma huingia Ziwa Kyoga, ambako Naili itokayo Jinja nayo hufika. Basi linapovuka Mpologoma katika barabara ya Tirinyi, watoto dirishani huwa wanayatazama maji yatakayokutana huko mbele na yale wanayokwenda kuyapanda. Tena Mbale inaijua hasira ya maji. Usiku wa kuamkia tarehe 31 Julai 2022 mito ya Nabuyonga na Namatala ilifurika, na watu zaidi ya 20 wakapoteza maisha. Mito hiyo hupita mjini kila siku, na watu walikuwa wameizoea.

Sasa ichukuliwe jamaa ya sajini mmoja iliyofika gatini Jinja. Nahodha, kijana ambaye umri wake haujafika nusu ya ule wa sajini, anagawa majaketi ya kuokolea. Mama anavaa, watoto wanavaa. Sajini analipokea lake, analinusa, analiona lina harufu ya samaki, analisukuma chini ya kiti. Amepita mafunzo magumu, amelala msituni akinyeshewa; atafungwaje kamba kifuani kama mtoto mchanga mbele ya watu? Mwanawe wa kwanza, mvulana wa miaka kumi na miwili, anamtazama kwa muda. Kisha anaanza kufungua kamba za lake.

Nahodha ameona, lakini hasemi neno, maana aliyekaa mbele yake ni mkubwa. Asemaye ni mama, tena kwa sauti ya chini ili asimwaibishe mumewe: "Baba, mtoto anakutazama." Sajini anageuka, anaviona vidole vya mwanawe juu ya kamba. Anainama, analichukua jaketi na kulivaa. Mvulana naye anafunga tena lake, bila kuambiwa.

Jambo hilo ni dogo kwa kulitazama, lakini ndilo lililobeba safari nzima. Askari anajua kuliko raia wengi kwamba amri moja iliyodharauliwa yaweza kugharimu kikosi. Anajua pia kwamba kila uwanja una mwenye amri wake. Katika gwaride ni afisa wa gwaride. Katika mashua ni nahodha. Cheo kikubwa hubaki gatini pamoja na viatu vizito. Mkubwa anapomtii kijana mwenye usukani, hajashuka heshima. Amewaonyesha wanawe maana ya nidhamu, kwamba si kuwaogopa wakubwa bali ni kuutii utaratibu uliowekwa kwa ajili ya uhai wa wote.

Taifa la Uganda lilipata fundisho hilo kwa machozi. Jioni ya Jumamosi tarehe 24 Novemba 2018, chombo cha starehe kiitwacho MV Templar kilizama katika Ziwa Victoria karibu na ufuko wa Mutima, wilaya ya Mukono. Waliofariki walizidi 30. Walikuwa wamekwenda kufurahi, kama jamaa yoyote iendayo matembezini. Polisi walieleza kwamba chombo kilizidiwa na watu na kwamba hali yake ilikuwa mbovu. Askari wa polisi ya majini na wanajeshi waliingia kazini kuwatafuta waliozama. Jamaa za askari zilizo na ndugu katika kazi hiyo hazihitaji kuelezwa uzito wa kumtoa mtu majini akiwa amekwisha kufa.

Kwa hiyo mkuu wa jamaa ayatazame mambo machache kabla mguu haujakanyaga mashua. Aulize kama chombo kimesajiliwa na kinabeba watu wangapi, kisha awahesabu waliomo. Wakizidi, ashuke na watu wake, hata kama nauli imekwisha kulipwa. Ahakikishe kila mtoto amepata jaketi linalomtosha, maana jaketi la mtu mzima humvuka mtoto kichwani aingiapo majini. Watu wakae, wasisimame wala kukimbilia upande mmoja kutazama ndege au kupiga picha. Pombe ingoje nchi kavu. Nahodha akisema mawingu ya leo hayampendezi, asishurutishwe kwa maneno wala kwa fedha. Na mashua isipelekwe karibu na bwawa, hata kwa kutazama tu.

Mama naye ana lindo lake. Maji ya ukingoni, penye majani na konokono, yaweza kuwa na kichocho, na ugonjwa huo huingia kwa ngozi bila mtu kuhisi jambo kubwa. Watoto wasiachwe kuoga humo. Aliyeoga au kucheza majini apelekwe zahanati baada ya majuma kadhaa akapimwe. Dawa yake, prazikwanteli, inajulikana na inatibu.

Haya yote hayapunguzi furaha hata kidogo. Mtoto aliyefungwa jaketi vizuri hutazama mnandi wakizamia na kuibuka, husikia maji yakigonga ubavu wa mashua, na humuuliza baba maji haya yanakwenda wapi. Baba aweza kumjibu kwamba yanakwenda Kyoga kukutana na yale ya nyumbani, kisha yanaendelea mpaka Misri na baharini. Jioni, basi likielekea Mbale na watoto wamelala mapajani, mama huwahesabu tena. Hesabu ikiwa ile ile ya asubuhi, likizo imekuwa njema.