Nani Ahesabu Uhalifu wa Kericho na Bomet?

Kila mwaka Shirika la Kitaifa la Takwimu huchapisha kitabu cha hali ya uchumi, na ndani yake mna jedwali la makosa yaliyoripotiwa kwa polisi kote nchini. Mwaka 2019 makosa hayo yalikuwa 93,411. Mwaka 2020 yalishuka hadi 69,645, na kufikia 2023 yalikuwa yamepanda hadi 104,842. Idadi ikishuka, wakubwa husimama jukwaani na kuwapongeza askari wao. Ikipanda, lawama huangushiwa vijana, pombe na wageni. Sisi tunasema kwamba jedwali hilo halipimi kazi ya polisi hata kidogo, na wapenda mageuzi hawana budi kulikataa kama kipimo.

Tuutazame huo mwaka 2020. Amri ya kutotoka nje usiku ilianza tarehe 27 Machi, baa zikafungwa, barabara zikabaki tupu. Makosa yaliyoripotiwa yakapungua kwa robo nzima. Lakini kufikia mwanzo wa Juni mwaka huo huo, Mamlaka Huru ya Kuchunguza Utendakazi wa Polisi, IPOA, ilikuwa imepokea malalamiko 87 dhidi ya polisi tangu amri hiyo ianze, na ilihusisha vifo 15 na vitendo vya askari. Mwaka uliopambwa na idadi ndogo ya makosa ndio uliomwona mwananchi akipigwa risasi kwa kuchelewa kufika nyumbani.

Sisi tunaosimama mahakamani Kericho, Sotik na Bomet tunajua namba hizo zinakotoka. Zinatoka katika kitabu cha matukio, kile tunachokiita OB, na anayeshika kalamu ni askari yule yule ambaye kazi yake inapimwa. Mchuma chai aliyepigwa au kunajisiwa hutembea kutoka kambini hadi kituoni. Akifika huambiwa arudi kesho, au amalizane na mwenziwe nyumbani, au atoe pesa za mafuta ya gari. Fomu ya P3, inayopaswa kutolewa bure, huwa haipo mpaka mtu atoe chai. (Hapa kwetu neno hilo lina maana mbili, na zote mbili hulipwa na mchumaji.) Akikata tamaa na kwenda zake, hakuna kilichoandikwa, na kituo kimepata sifa ya kuwa katika eneo tulivu. Mkuu wa kituo mwaminifu, anayeandika kila lalamiko, ndiye ataonekana ameshindwa. Kipimo cha namna hii humwadhibu askari mwema.

Mashamba makubwa ya chai yametupa ushahidi wa kutosha. Mnamo Februari 2023 shirika la utangazaji la BBC lilitangaza habari za wanawake zaidi ya 70 waliosema wamedhulumiwa kingono na wasimamizi wao katika mashamba yaliyoendeshwa kwa miaka mingi na Unilever na James Finlay. Taifa lilishtuka. Lakini mambo hayo yalikuwa yakinong'onwa kambini muda mrefu, na iliwapasa waandishi wa ng'ambo wayatangaze ndipo Bunge lizungumze. Kabla ya hapo, wakazi 218 wa shamba la Unilever la Kericho walikuwa wameipeleka kampuni hiyo mahakamani London kwa ajili ya mashambulizi yaliyofuata uchaguzi wa Desemba 2007. Mahakama ya Rufaa ya huko ilitupilia mbali rufaa yao mwaka 2018, kwa hoja za wajibu wa kampuni mama. Tunaweza kubishana na hukumu hiyo, lakini tujiulize kwanza kwa nini mchuma chai aliona njia ya London kuwa fupi kuliko ya kituo cha polisi cha karibu.

Kuhesabu vibaya si jambo geni kwetu. Katika mapigano ya 1991 na 1992, yaliyofika Londiani, Kipkelion na Sondu, kamati ya Bunge iliyoongozwa na Mheshimiwa Kennedy Kiliku ilitaja watu 779 waliouawa na 54,000 waliofukuzwa makwao. Mwaka 1993 shirika la Human Rights Watch lilitaja waliouawa 1,500 na waliofukuzwa 300,000. Baadaye Tume ya Jaji Waki ilihesabu vifo 1,133 vya ghasia za 2007 na 2008, na ikaonyesha kwamba 405 kati yao walikufa kwa risasi. Hesabu hiyo ndiyo iliyofungua mlango wa mageuzi ya polisi, kwa sababu haikufanywa na polisi.

Kipimo tunachokitaka kinatokana na Kifungu cha 244 cha Katiba, kinachowadai polisi nidhamu, uwazi na heshima kwa haki za binadamu. Tujulishwe kila kituo kilipokea malalamiko mangapi, mangapi yalifika mahakamani, mangapi yalikwama na kwa nini, watu wangapi walikufa au kuumia mikononi mwa askari, na askari wangapi walishtakiwa. Kisha wananchi waulizwe nyumbani kwao, mbali na kituo, ni maovu gani yaliyowapata ambayo hawakuyaripoti. Nchi nyingi hufanya uchunguzi wa namna hiyo mara kwa mara, nao hufichua mengi yasiyomo vitabuni mwa polisi.

Makanisa yetu yanajua kutunza vitabu. Ubatizo wa 1950 bado unapatikana parokiani ukiwa na tarehe na majina ya wadhamini. Kamati za haki na amani zifungue daftari la pili, likae chini ya kufuli: tarehe, kosa, kituo, jibu alilopewa mlalamikaji, na namba ya OB iwapo alipewa. Jina lake lisitolewe bila idhini yake.

Wakati huo huo, barua ziandikwe kwa vituo vya Londiani, Kipkelion, Litein, Sotik na Bomet chini ya Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016, kuomba hesabu tulizozitaja. Sheria inampa mhusika siku 21 za kujibu. Nakala yenye muhuri wa kupokelewa ihifadhiwe, na siku hizo zikipita kimya, malalamiko yapelekwe kwa Tume ya Utawala wa Haki.