Ukuta Mnyoofu Ulibomolewa Jioni

Nianze kwa kukiri: mimi ni shabiki wa mashindano ya mafundi. Niliacha chuo kikuu mwaka wa pili, karo ikiwa imenizidi kimo, na katika mitihani yote niliyowahi kufanya sijaona hata mmoja wenye haki kama ule niliomsindikiza mdogo wangu kuufanya mwaka uliopita. Hakuna kukremu. Hakuna swali la "jadili". Unapewa matofali, mchanga, mwiko, kamba, pima maji na saa sita, unaambiwa jenga pembe. Ukimaliza, waamuzi wanakuja na timazi na futi, wanapima mpaka milimita. Ukuta ukiinama, umeinama. Hakuna mjomba wa kupigia simu.

Mdogo wangu alipata D kwenye KCSE. Mimi nilivuka ile C+ ya kuingilia digrii, kwa hivyo kipande cha shamba kikauzwa kwa ajili yangu. Yeye akaambiwa atafutiwe kitu, "hata kama ni ufundi". Shikeni hayo maneno: hata kama ni. Nimeyasikia kwenye harusi, kwenye matanga, na kwa walimu wenyewe wakiwa ofisini. Ndiyo sera yetu halisi ya elimu ya kiufundi, hizo nyingine ni karatasi.

Basi siku ile, kwenye uwanja wa chuo kimoja cha kiufundi, wanagenzi kumi na wawili wa uashi walipiga magoti mbele ya kamba zao. Mama alikuja amevaa nguo ya kanisani. Mdogo wangu hakuinua kichwa hata mara moja. Aliweka tofali, akaligonga kwa kitako cha mwiko, akaangalia pima maji, akaendelea. Alishika nafasi ya pili. Akapewa cheti, medali, na wilbaro mpya yenye nembo ya mdhamini. Mgeni wa heshima akasema taifa linajengwa na mikono kama hii. Tukapiga makofi, mama akalia.

Kabla jua halijatua, kuta zote kumi na mbili zikabomolewa. Si ubaya, ndivyo inavyofanywa: udongo wa kushikanisha huwa mwepesi makusudi ili matofali yatumike tena. Mdogo wangu aliubomoa wake mwenyewe, akayapanga matofali vizuri kando ya ua. Siku hiyo nilicheka. Siku hizi sicheki.

Wiki tatu baadaye tulikuwa mjengo mmoja, mimi na yeye. Ghorofa za kupangisha, ploti ndogo, mwenyewe ana haraka. Mimi nilikuwa mtu wa mkono, shilingi 600 kwa siku. Yeye, mwenye medali, 600 pia. Foromani alisema hajaona karatasi ya gredi, na medali si karatasi. Sawa. Tukameza. Msee akishalala njaa mara mbili, mboka ni mboka.

Shida ilikuja kwenye mchanganyiko. Mdogo wangu alifundishwa karai moja ya simiti kwa nne za mchanga. Foromani alitaka moja kwa nane. Nguzo zilimwagwa Alhamisi, Jumatatu tukaambiwa tupandishe. Sasa, zege linataka kunyweshwa maji angalau siku saba, na nguvu yake hupimwa ikifika siku ya 28. Haya mdogo wangu anayajua kama jina lake, maana ndiyo aliyoulizwa na waamuzi. Akasema. Hakupiga kelele, alisema tu, "Foromani, hii haitashika."

Foromani akamuuliza, "Kwani hapa ni mashindano?"

Wasee wakacheka. Mdogo wangu akarudia. Akaambiwa achukue wilbaro yake aende nyumbani. Nayo kweli ilikuwa yake, ile ya zawadi. Akaisukuma hadi barabarani, akaisukuma hadi stendi, makanga wakakataa kuipakia, akaisukuma hadi nyumbani.

Na mimi? Mimi nilikuwa nakoroga. Niliendelea kukoroga, moja kwa nane. Kodi ilikuwa tarehe tano. Sijivunii, lakini sitaandika kana kwamba nilikuwa nimesimama kando na daftari.

Hoja yangu ni hii. Tunamchukua kijana, tunamfundisha kusema ukweli mpaka milimita, tunamvisha medali kwa sababu ya huo ukweli, halafu tunamwachilia kwenye soko linalomlipa anayenyamaza. Ukuta mnyoofu unabomolewa jioni. Ule wa uongo unapakwa rangi na kupangishwa. Kisha tunashangaa.

Usiku wa tarehe 29 Aprili 2016, mvua ikinyesha, jengo la kupangisha lilianguka Huruma hapa Nairobi. Lilikuwa kando ya mto, na lilikuwa tayari limewekewa alama ya kubomolewa. Watu karibu 50 walikufa. Kila jengo likianguka tunamtafuta mwenye ploti, tunamtafuta injinia, tunamtafuta mtu wa kaunti aliyepita akiangalia pembeni. Ni sawa, watafutwe. Lakini kabla ya hao wote kuna mtu anayejua kwamba mchanganyiko ni hafifu, na ni kijana aliyeshika karai. Anajua mapema kwa sababu anaukoroga. Yeye ndiye mkaguzi wa kwanza wa kila nyumba unayolala, na ni mkaguzi anayeweza kufutwa kazi kabla ya chai ya saa nne.

Nasikia mkisema: buda, tulia, mashindano yanaondoa dharau. Yanawapa vijana moyo. Kweli, siku moja. Lakini dharau ya ufundi haikai uwanjani, inakai kwenye malipo ya Jumamosi. Na tusisahau nchi hii ilivyozipenda politekniki zake: mwaka wa 2013 ile Kenya Polytechnic na ile ya Mombasa zote zikapanda ngazi kuwa vyuo vikuu. Tukasherehekea. Hakuna aliyeuliza ni ujumbe gani tunampa anayesomea uashi, tunapomwambia kwamba zawadi ya chuo cha ufundi kikifanya vizuri ni kuacha kuitwa chuo cha ufundi.

Wala tatizo si mashindano yenyewe. Yale ya kimataifa, ambayo leo yanaitwa WorldSkills, yalianzia Madrid mwaka wa 1950 kwa vijana wa Uhispania na Ureno, na bado uashi umo. Angalieni nchi kama Ujerumani. Mwanagenzi kule ana mkataba na kampuni, analipwa, na wiki yake imegawanywa kati ya kazini na darasani. Mashindano yakija, yanakuja juu ya kitu ambacho tayari kimesimama. Sisi tumepiga bati kabla ya msingi.

Na msiniambie hatuna sheria. Sheria ya Mafunzo ya Viwandani inataja mikataba ya wanagenzi. Mwajiri anadaiwa ada ya shilingi 50 kwa mwezi kwa kila mfanyakazi, inayokwenda NITA kwa ajili ya mafunzo. Sheria ya Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi ya 2011 inataka fundi awe amesajiliwa. Vizuri sana. Mimi nimebeba karai kwenye mijengo mitano na jina langu halijawahi kuandikwa popote isipokuwa kwenye kidaftari cha foromani, tena kwa jina la utani. Nani alitoa hizo 50 zangu?

Kwa hivyo nina mambo matatu ya kuomba, na sina haya.

Kwanza, anayeshinda aondoke na karatasi ya gredi. Kama waamuzi wamempima saa sita na kuridhika, ni mtihani gani mwingine mnaotaka? Wekeni mtahini wa NITA pale pale uwanjani, mdhamini alipie ada badala ya kununua wilbaro.

Pili, kampuni inayotaka bango lake kwenye uwanja ilete mikataba ya uanagenzi, iliyoandikwa, yenye mshahara na muda, isainiwe mbele ya mama zetu. Hakuna mkataba, hakuna bango. Na serikali isijifiche nyuma ya wadhamini. Tangu 2024, Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu inakata asilimia 1.5 ya mshahara wa Mkenya, na mwajiri anaongeza kiasi hicho hicho. Anayejenga kwa doo yetu anaweza kumwambia kontrakta: hupati kazi bila wanagenzi wenye mikataba, na mwanagenzi akikataa mchanganyiko mbovu, hafutwi.

Tatu, na hili ndilo ninalolitaka kuliko yote, waamuzi waende site. Wale wale, na timazi zile zile. Mwaka mmoja tu, waacheni wanagenzi wapumzike, tuwapime makontrakta. Waamuzi wahesabu karai. Waulize nguzo zilimwagwa lini. Wapime hadi milimita, kisha wasome matokeo kwa kipaza sauti mbele ya mgeni wa heshima, tuone nani atapigiwa makofi.

Mdogo wangu anaweka vigae siku hizi, kwenye nyumba ambazo watu wengine wameshajenga. Anasema sakafu haigombani na mtu. Medali imetundikwa juu ya kitanda cha mama. Chuo kimempigia simu, wanataka aje awatie moyo wanagenzi wa mwaka huu. Ameniuliza awaambie nini, na mpaka sasa sijamjibu.

Zile ghorofa zilimalizika. Nazipita kwa matatu mara mbili kwa wiki. Ya tatu kuna mapazia ya rangi ya chungwa, na kuna mtoto anayependa kusimama dirishani akipunga mkono. Mimi humpungia pia.