Jina la marehemu si la kuchezea: neno kwa watengeneza matangazo wa Lubumbashi

Tulipokuwa na kilio nyumbani, nilipeleka tangazo kwenye imprimeri moja ya hapa Lubumbashi. Mama yetu aliitwa Hélène. Kwenye ordinatere ya kijana aliyelitengeneza, jina lilikuwa safi. Kwenye karatasi, herufi zilinenepa, jina likakatika, na « ne » ya mwisho ikaangukia juu ya picha yake. Kopi 200 zilikuwa zimekwisha kutoka, na maziko yalikuwa kesho yake.

Tuliambiwa ni kosa la mashine. Mimi ninakataa. Ile aina ya herufi, ambayo kwa Kifaransa tunaita « police », ilikuwa kwa kijana tu. Imprimeri haikuwa nayo, basi ordinatere yao ikaweka nyingine mahali pake.

Dawa yake haiombi hata franga moja. Ukimaliza kazi, itoe katika PDF yenye fonti ndani yake, ao geuza maandishi kuwa michoro, huku ukibakiza kopi moja ya kusahihisha.

Tatizo la pili ni fonti za kuokota, zinazopitishwa kwa ufunguo wa USB. Nyingi hazina É, È wala Ç. Lakini fonti nzuri za bure zipo kwenye Google Fonts na kwa shirika la SIL. SIL wana moja inayoitwa Andika, jina la Kiswahili chetu, iliyotengenezwa kwa ajili ya watu wanaojifunza kusoma. Ina hata Ɛ na Ɔ za Kilingala. Leseni yake inaruhusu kazi ya kulipwa. Pakua, fungua faili, bonyeza « Installer », kisha fungua upya programu yako. Andika kwanza majina yenye alama ndipo uanze kazi.

Kuhusu kuchanganya, mbili zinatosha: moja nene kwa kichwa, nyingine nyepesi ya kusomeka kwa saa na mahali. Zitofautiane waziwazi, zikifanana sana, mtu ataona kama umekosea. Tangazo lenye fonti tano linapiga kelele, na anayepita barabarani Kenya ao Katuba hasomi kitu.

Vijana watanijibu kwamba mteja ndiye anayeomba mapambo, anataka kazi kwa saa moja, na umeme unakatika. Ni kweli. Lakini wachoraji wetu wa miaka ya 1970, kama Tshibumba Kanda Matulu, waliandika maneno ndani ya picha zao kwa mkono, bila ordinatere, na mpaka leo tunayasoma.

Na sisi wateja tuna sehemu yetu. Tuombe kopi moja ya karatasi, tuisome jina kwa jina, ndipo tuseme: chapa. Mama hazikwi mara mbili ili tusahihishe.