Mikoko ya bandarini inamhusu pia mfanyabiashara wa Kigali

Kutoka Kigali hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 1,400 kwa barabara, na Mombasa ni mbali zaidi. Ndiyo maana wafanyabiashara wengi wa Rwanda huijua bahari kwa karatasi: hati ya shehena, ankara ya wakala wa forodha, na tozo inayopanda kila siku kontena linapolala bandarini. Habari za mikoko, fukwe na miti inayozunguka bandari huachiwa watu wa mazingira na wakazi wa pwani. Huko ni kukosea hesabu.

Bandari haiishii kwenye gati. Pale Dar es Salaam, mito ya Kizinga na Mzinga humwaga maji katika mikono ya bahari inayoungana na bandari. Mvua kubwa ikinyesha, mito hiyo hushuka na tope na taka za jiji. Mizizi ya mikoko hupunguza kasi ya maji, tope likatua hapo hapo. Mikoko ikikatwa kwa ajili ya nguzo, mkaa au viwanja, tope husonga mbele hadi kwenye njia ya meli, na njia iliyojaa tope ni lazima ichimbwe.

Kuchimba bahari si kazi ya bei ndogo. Mradi mkubwa wa kuboresha bandari ya Dar es Salaam ulioanza mwaka 2017, ukiwamo mpango wa kuongeza kina cha gati namba 1 hadi 7, uligharimu mamia ya mamilioni ya dola. Fedha za namna hiyo zikikopwa, mwisho wake hurudishwa kwa mapato, na mapato ya bandari hutoka kwa mwenye mzigo. Kila tani ya tope inayoweza kuzuiwa na mti ni gharama anayoepushwa mnunuzi wa Nyabugogo au Kimironko.

Mombasa imejifunza somo hili kwa njia ngumu. Mwaka 1988 tangi la mafuta lilitoboka na kumwaga mafuta eneo la Makupa, mikoko ikafa. Mwaka 2005 meli ya mafuta ilivuja upande wa Port Reitz, na mikoko ikaumia tena. Wakati huo wote tuta la Makupa, lililojengwa enzi za ukoloni ili kuunganisha kisiwa na bara, lilikuwa limeziba maji yasipite kutoka upande mmoja wa bahari kwenda mwingine. Kando yake, Kibarani, taka za mji zilirundikwa kwa miaka mingi ukingoni mwa bahari, jirani kabisa na bandari inayohudumia nchi kadhaa.

Mabadiliko yamekuja, na yanastahili pongezi. Jaa la Kibarani lilifungwa mwaka 2018, na Mamlaka ya Bandari ya Kenya ikashiriki kuligeuza eneo hilo kuwa bustani ya nyasi na miti. Mwaka 2022 daraja la Makupa lilifunguliwa kuchukua nafasi ya tuta, maji yakapata njia tena. Hata hivyo, kurekebisha baada ya miongo mingi ni ghali kuliko kutoharibu. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Lamu nako kuna funzo la aina nyingine. Mwaka 2018 Mahakama Kuu ya Kenya iliamuru wavuvi zaidi ya 4,000 walioathiriwa na ujenzi wa bandari mpya walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76. Bandari inayojengwa bila kuwasikiliza wanaoitegemea bahari huanza kazi ikiwa na deni.

Kigali haina bahari, lakini haina haki ya kujifanya mgeni wa jambo hili. Kwa miaka mingi maghala ya forodha na viwanda vilikaa Gikondo, ndani ya ardhi oevu. Wafanyabiashara wanakumbuka maji yalivyoingia, na wa Nyabugogo wanajua barabara ikifungwa na mafuriko mzigo hulala wapi. Serikali iliamua kuvihamisha viwanda vya Gikondo kwenda eneo maalumu la kiuchumi, na mwaka 2022 bustani ya Nyandungu ilifunguliwa katika ardhi oevu iliyokuwa imechakaa. Wenye biashara walilalamikia gharama za kuhama, na hawakuwa na kosa kulalamika. Lakini leo ni nani angependa ghala lake lirudi bondeni?

Wapo watakaosema tozo za bandari zimeshazidi, iweje mwenye duka Kigali alipie mikoko ya pwani? Hoja hiyo ina uzito. Jibu lake ni kwamba tayari analipia kukosekana kwake, ila gharama hiyo haiandikwi kwenye ankara. Kisichohitajika ni tozo mpya. Kinachohitajika ni sehemu ya mapato yaliyopo itengwe kwa ajili ya mikoko, miti na usafi wa mikono ya bahari, na hesabu yake itangazwe kila mwaka ili mwenye mzigo aione.

Rwanda ni mwanachama wa Ushoroba wa Kati na Ushoroba wa Kaskazini. Vikao vya shoroba hizo huzungumza sana mizani, vituo vya ukaguzi na siku za safari. Wawakilishi wa wafanyabiashara waongeze swali moja: kila bandari inapopanuliwa, ni eneo gani la asili linaondoka, na lipi linalindwa badala yake?

Nao wenye malori na mizigo wana wajibu wao. Mafuta machafu yanayomwagwa kwenye maegesho na nailoni za kufungia bidhaa huishia baharini. Rwanda ilipiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2008, Kenya ikafuata 2017 na Tanzania 2019. Dereva anayeheshimu sheria hiyo mpakani Rusumo aiheshimu pia akifika Kurasini. Bandari ikiziba kwa tope na taka, foleni itakayoanzia baharini itafika hadi mlangoni mwa duka lake Kigali.