Mjusi wa Tendaguru akiingia mtandaoni, Lindi nayo imwone

Makumbusho ya Historia Asilia ya Berlin, Ujerumani, yanajijenga upya. Mwaka 2018 Serikali ya Ujerumani na ya jiji hilo ziliahidi Euro milioni 660 kwa ajili ya majengo na kuweka mtandaoni vielelezo vyake takriban milioni 30. Habari hiyo inaihusu Afrika Mashariki moja kwa moja: anayetawala ukumbi wa dinosaria ni mjusi kutoka Tendaguru, mkoani Lindi.

Mjusi huyo, Giraffatitan, ana kimo cha zaidi ya mita 13. Mifupa ya Tendaguru ilichimbwa kati ya 1909 na 1913, muda mfupi baada ya Vita vya Majimaji kuiachia kusini njaa na makaburi. Zaidi ya tani 200 zilifikishwa bandari ya Lindi na wapagazi waliobeba mizigo vichwani na mabegani, siku kadhaa kwa miguu. Sifa zilikwenda kwa Werner Janensch, aliyeongoza msafara. Boheti bin Amrani, msimamizi Mwafrika pale machimboni, alisubiri hadi 2007 ndipo mjusi mwingine wa Tendaguru akapewa jina lake, Australodocus bohetii.

Tanzania ilikwishasema mwaka 2018, kupitia Waziri wa Mambo ya Nje wa wakati huo, Augustine Mahiga, kwamba haitadai mifupa irudishwe. Wanaopinga kuirudisha husema ni mizito na huvunjika upesi. Sawa, lakini faili la kompyuta halivunjiki, wala halihitaji mpagazi. Google na makumbusho hayo walikwishamtembeza mjusi huyo katika video tangu 2016.

Basi Berlin ikabidhi mafaili yote ya vipimo na picha kwa Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam, yakiwa na maelezo ya Kiswahili na ruhusa ya shule kuchapa nakala bila kuomba kibali Ulaya. Majina ya wachimbaji yaliyomo kwenye kumbukumbu za msafara nayo yaje.

Ombi hilo lisiachiwe Tanzania peke yake. Waingereza nao walichimba Tendaguru kuanzia 1924, wakiwa na Louis Leakey, mzaliwa wa Kabete, Kenya, na mifupa ikaenda London. Jumuiya ya Afrika Mashariki, iliyokubali mwaka 2021 kuifanya Kiswahili lugha yake rasmi, ina pa kuanzia: barua moja Berlin, nyingine London.