Kijana wa Nyangezi anayetaka flamenko aanze na makofi

Siku hizi kijana wa Nyangezi mwenye telefone na megabaiti kidogo anaweza kumwangalia Paco de Lucía akipiga gitare, hata kama yule Mhispania alikufa tangu 2014. Anaona vidole vinakimbia, anasikia mbao inagongwa kama ngoma, na kesho yake anaenda kwa rafiki wa kwaya kuomba afundishwe «ile ya flamenko». Wazee wengine wanacheka. Wanauliza mtoto wa Bashi anatafuta nini kwa Wahispania. Mimi sioni cha kucheka. Ana haki ya kujifunza, na sisi wakubwa ndio tunaomfungia mlango.

Lakini kwanza tumwambie ukweli yeye mwenyewe. Kinachomvuta ndicho kinachofundishwa baadaye. Ule mpigo wa kurusha vidole nje kimoja baada ya kingine, unaoitwa rasgeado, ukianza nao mkono unakakamaa, mwezi unapita, gitare inarudi ukutani. Basi usiguse gitare kwanza. Piga makofi. Flamenko imejengwa juu ya hesabu, wao wanaiita kompasi. Katika nyimbo za aina ya solea hesabu hiyo ni mapigo 12, na uzito unaanguka kwenye 3, 6, 8, 10 na 12. Hesabu kwa sauti, piga kofi la nguvu kwenye namba hizo, mengine yawe laini. Utaona inavyopoteza mtu: inatembea tatu-tatu, halafu ghafla inageuka mbili-mbili. Atakayeishika kutoka soko la Munya hadi kwao bila kupotea, huyo sasa apewe gitare.

Akishaipata, aanze na gumba peke yake. Linapiga uzi mnene kuelekea chini, kisha linapumzika juu ya uzi unaofuata. Kupumzika huko ndiko kunakoleta sauti nzito. Halafu kidole cha shahada na cha kati vipige kwa zamu, kama miguu inayotembea, polepole kabisa. Robo saa kila siku inafaa kuliko saa tatu za Jumapili. Ndipo uje rasgeado: kuanzia kidole kidogo hadi cha shahada, usikie milio minne iliyoachana. Ikiungana kuwa mmoja, punguza mwendo.

Sasa niwajibu wazee. Gumba hilo si geni kwetu. Mwenda Jean-Bosco, aliyezaliwa Bunkeya 1930, alipiga kwa gumba na kidole cha shahada, gumba likitembea kwenye nyuzi nene na shahada ikiimba juu, hata msikilizaji akadhani wapigaji ni wawili. Hugh Tracey alimrekodi mwaka 1952 kule Jadotville, Likasi ya leo, na wimbo wake «Masanga» ukasambaa Afrika. Wapigaji wa Kenya walimsikiliza na kumuiga. Mwaka 1969 alipanda jukwaani Newport, Marekani. Na aliimba kwa Kiswahili. Wenzake Losta Abelo na Edouard Masengo walikuwa njia hiyo hiyo. Hata kabla ya gitare, Bashi walikuwa na lulanga yao, nyuzi zinazochezwa kwa vidole. Ni kweli hesabu za Katanga si za solea. Lakini mkono ni mkono. Kijana asiyepata mwalimu wa flamenko, na kwetu si rahisi kumpata, amtafute mzee anayejua mtindo wa Mwenda kabla mzee huyo hajatutoka.

Kuna jambo lingine ambalo wengi hawalijui. Kwa desturi ya Hispania, mpigaji chipukizi husindikiza kwanza wachezaji, kisha waimbaji, na mwisho ndipo hupiga peke yake. Basi kijana anayesindikiza kwaya kila Jumapili, huku waumini wakipiga makofi, yuko tayari kwenye ngazi ya kwanza. UNESCO iliandika flamenko kwenye orodha ya urithi wa kitamaduni usioshikika wa binadamu mwaka 2010, na rumba yetu mwaka 2021. Zote mbili zimeishi kwa sababu mtu alikaa karibu na mwingine akatazama vidole vyake.

Ndiyo sababu kufuli linaniuma. Mahali pengi gitare ya kwaya inatolewa Jumamosi kwa mazoezi, Jumapili kwa misa, halafu inarudi kabatini. Wenye ufunguo wana hoja: nyuzi zinakatika, wezi wapo, na nyakati ni mbaya. Hoja hizo nazielewa. Lakini miaka hii masomo yamekatwakatwa na vita, na alasiri za vijana wetu ni ndefu. Wengine wanazimalizia pembeni mwa barabara ya Kamanyola wakihesabu magari. Chombo kinacholala siku tano kwa juma ni hasara kuliko uzi uliokatika.

Na vijana nao wawe na adabu na mali ya watu. Kugonga mbao kwa kidole, kama wanavyoona kwenye video, wasikufanye kwenye gitare ya kwaya. Ile ya flamenko ina kibao chembamba cha kuikinga, yetu haina. Wajizoeze kwenye boksi la katoni. Wala wasifunge nyuzi za chuma kwenye gitare iliyotengenezwa kwa nailoni, maana mvuto wake unaweza kung'oa kishikio cha nyuzi, na kwaya ibaki bila gitare siku ya Pasaka.

Jumatano na Ijumaa, saa nane hadi saa kumi, zingetosha kwa kuanza. Mtu mzima mmoja akae na ufunguo, na daftari la kuandika nani amepiga na ameiacha vipi. Anayekata uzi alete mwingine, na asiye na pesa, kwaya imchangie.